Chuo kisicho na jengo ila kina lupango lake

Watu wakijua kazi yangu ni kusoma madaftari ya zamani ya kusajili wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ujerumani (ndiyo, kuna mtu analipwa kwa hilo) swali la kwanza ni lile lile, eti chuo kipi ndio cha kwanza kule? Jibu la haraka ni Heidelberg, 1386. Sasa jaribu kusema hivyo mbele ya mtu wa Erfurt uone, maana wao hati yao ya Papa ya kuanzisha chuo ni ya 1379, ila masomo yakaja kuanza 1392, halafu chuo kikafungwa 1816 na kufunguliwa tena 1994, hapo umri unauhesabuje? Na bado hujagusa Prague ya 1348 na Vienna ya 1365, ambazo enzi hizo zilikuwa dola moja na Heidelberg ila leo ziko nchi zingine. Mimi huo ubishi nilishauacha.

Kinachonishika zaidi ni kwamba hao jamaa walipoanza hawakuwa na chuo kwa maana yetu. Sisi tukisikia chuo kikuu tunaona geti, mlinzi, bango, jengo la utawala. Kwao neno universitas lilikuwa na maana ya chama, watu walioapa pamoja, kama chama cha maseremala au wahunzi wa mjini, na mali zao zikiwa hati, mhuri, sanduku la kuzifungia na fimbo za heshima basi. Heidelberg walifungua kwa misa tarehe 18 Oktoba 1386, kesho yake wakaanza kufundisha, walimu watatu! Mmoja mantiki, mmoja waraka wa Paulo kwa Tito, mmoja fizikia ya Aristotle, ndio chuo kikuu hicho.

Na walitoka wapi? Huyo wa mantiki, Marsilius wa Inghen, alikuwa mtu mzito wa chuo cha Paris, alishawahi hata kukiongoza. Lakini mwaka 1378 kanisa lilipasuka likawa na mapapa wawili, mmoja Roma mmoja Avignon, Ufaransa ikashika wa Avignon, na walimu wa upande wa Roma Paris ikawa haikaliki. Mtawala wa Heidelberg, Ruprecht wa Kwanza, naye alikuwa upande wa Roma na alitaka chuo kwake, basi hapo kila mtu akapata alichokuwa anatafuta. Majengo yalikuja baadaye na mengine kwa njia ya aibu, mwaka 1390 mrithi wake Ruprecht wa Pili aliwafukuza Wayahudi mjini akakipa chuo nyumba zao, na sinagogi lao likageuzwa kanisa dogo na ukumbi wa kufundishia. Hili kwenye sherehe za miaka mia kadhaa halitajwi kwa sauti kubwa.

Leipzig ndio inaonyesha vizuri zaidi kwamba chuo ni watu. Kule Prague wasomi walikuwa kwenye makundi manne yaliyoitwa mataifa, Wabohemia, Wabavaria, Wasaksoni na Wapolandi, kila kundi kura moja. Januari 1409 mfalme wa Bohemia, Wenceslas wa Nne, akapindua meza, Wabohemia wenyeji wapewe kura tatu, wengine wote kwa pamoja wabaki na moja. Wajerumani, ambao ndio walikuwa wengi kwenye hayo makundi mengine, hawakungoja kubembelezwa, wakafunga virago walimu kwa wanafunzi, na wengi wao wakaishia Leipzig ambako Desemba 2 mwaka ule ule chuo kikafunguliwa. Yaani mgomo wa kura ukazaa chuo kikuu kingine ndani ya mwaka mmoja.

Sasa kama chuo ni chama, uanachama unaupata vipi? Hapo ndio linaingia daftari langu. Kijana anakuja, pengine ana miaka kumi na nne au kumi na tano, anaapa mbele ya mkuu wa chuo, analipa ada ya kuandikishwa, jina lake linaandikwa kwa Kilatini pamoja na mji au jimbo la kanisa alikotoka, na pembeni kiasi alicholipa. Ukishazoea mwandiko unaanza kuona maisha ya watu, mtoto wa kabaila kalipa zaidi ili aandikwe juu, halafu chini yake kuna jina halina hela yoyote, kuna neno moja tu, pauper, maskini. Kaandikishwa bure. Bweni alilokaa liliitwa bursa, neno lenye maana ya mfuko wa pesa, na basari wanayoifukuzia wazazi wa Kenya kila mwaka imetokana na mfuko huo huo.

Kwenye daftari la Halle la 1727 yumo Anton Wilhelm Amo, mzaliwa wa Axim, Ghana ya leo, aliyechukuliwa akiwa mtoto mdogo na kampuni ya Waholanzi akapelekwa kwa mtawala wa Wolfenbüttel kama zawadi. Alisoma sheria pale Halle, 1734 akatetea tasnifu yake ya falsafa Wittenberg, baadaye akafundisha Halle na Jena kabla ya kurudi Axim. Nikikutana na mtu anayesema Waafrika vyuo vya Ulaya wameanza kuviona juzi kwa skolashipu, namtajia huyo.

Kuandikwa peke yake hakukutosha lakini, wenzako nao walikuwa na lao. Waliosoma bweni Tanzania mnajua njuka anavyofanyiwa, basi mjue wale wa karne ya 15 na 16 walikuwa hatari zaidi. Mgeni aliitwa beanus, kifaranga mwenye mdomo wa njano, anavalishwa pembe kichwani na meno ya nguruwe mwitu mdomoni, pembe zinakatwa kwa msumeno, meno yanang'olewa kwa koleo, anapigwa randa kama mbao, mwisho analambishwa chumvi ya hekima na kumwagiwa divai kichwani. Na yeye ndiye anayelipia karamu!

Lakini ukishavuka hapo faida yake kubwa ni hii, polisi wa mji hawakuwezi. Mwanachuo alishtakiwa kwenye mahakama ya chuo, na chuo chenye mahakama lazima kiwe na lupango, jela yake. La Heidelberg lipo hadi leo nyuma ya jengo la zamani, lilitumika kuanzia 1778 hadi 1914. Makosa yenyewe ni kulewa, kupiga kelele usiku, kutukana askari, kupigana kwa panga, na adhabu ni siku kadhaa mpaka wiki nne hivi. Siku za mwanzo mkate na maji, halafu chakula kinaletwa kutoka nje, na mfungwa anaruhusiwa kwenda darasani kisha anarudi kufungwa, hapo mimi huwa nacheka peke yangu.

Mwaka 1879 sheria mpya za dola ziliwanyang'anya vyuo mahakama zao, kikabaki kibano cha nidhamu tu, na hapo ndipo lupango likageuka fasheni. Ilikuwa aibu kumaliza chuo hujawahi kulala mle, vijana wakawa wanatafuta kosa dogo makusudi ili wakaandike jina ukutani. Nilipoingia mara ya kwanza nilitegemea mikwaruzo miwili mitatu, kumbe hakuna hata kiganja cha ukuta kilicho wazi, hadi dari, masizi ya mshumaa na rangi, vivuli vya nyuso za pembeni na kofia za vyama vyao vya wanafunzi, majina na tarehe za kuingia na kutoka. Vyumba vingine wamevipa majina ya majumba ya kifalme. Choo kinaitwa ukumbi wa kiti cha enzi.