Kuwatunuku Majirani: Kazi Kubwa Iko Kabla ya Cheti

Shughuli nyingi za kuwatunuku watu wa mtaa hapa Mombasa huanza na ukumbi, vipaza sauti na orodha ya wageni wa heshima. Majina ya watakaotunukiwa hutafutwa wiki ya mwisho, na kwa kuwa muda wa kuulizia haupo tena, huchukuliwa ya wale wanaoonekana kila siku: mwenyekiti wa hiki, katibu wa kile, mfanyabiashara aliyetoa viti. Watu hupiga makofi, kisha wakirudi barazani huulizana: yule wa mitaro mbona hakuitwa?

Ushauri wangu ni kuugeuza mpango. Ukiwa na wiki 10, tumia 8 kutafuta na kuhakiki majina. Moja ni ya kuunda kamati na kukubaliana vigezo, 3 za kupokea mapendekezo, 3 za kuhakiki, na 1 ya kuwaomba idhini wenyewe. Mbili zilizobaki zatosha kwa sherehe.

Kwanza wekeni mpaka. Kaunti ya Mombasa ina wadi 30 katika kaunti ndogo 6, na wadi moja ni kubwa mno kwa kazi hii. Mtu wa upande mmoja wa Kongowea hawezi kumshuhudia wa upande wa pili. Chukueni eneo la mzee wa mtaa mmoja au wawili, mahali ambapo mtu akitajwa kwa jina la utani watu wanajua ni nani.

Kamati iwe ya watu 7, ili kura zisigawanyike sawa, na wa jinsia moja wasizidi 4. Kanuni moja isilegezwe hata kidogo: aliye ndani ya kamati hapendekezwi, wala mkewe, mumewe, mwanawe au nduguye. Kanuni hii ikivunjwa mara moja, hakuna atakayeleta fomu mwaka wa pili.

Fomu yenyewe iwe upande mmoja wa karatasi, kwa Kiswahili, na iulize mambo matano: anajulikanaje mtaani, amefanya nini hasa, tangu mwaka gani, nani amefaidika, na majirani wawili wasio jamaa zake wanaoweza kuthibitisha. Msiiache ofisini kwa chifu peke yake. Ipelekeni kwa muuza mahamri, kwa kinyozi, kituo cha bodaboda, zahanati, msikitini na kanisani. Asiyejua kuandika aandikiwe na mwanakamati, kisha asomewe alichosema. Siku 21 zatosha; mkiongeza zaidi, zinaanza kuja fomu za kampeni, ishirini kwa mwandiko mmoja. Idadi ya fomu isihesabiwe kama kura. Fomu moja yenye maelezo ya kweli ina uzito kuliko hamsini zilizonakiliwa.

Kuhakiki: msiulize kama ni mtu mwema

Hapa ndipo kamati nyingi huteleza. Ukimwendea mtu ukamuuliza, "Fulani ni mtu mzuri?" utajibiwa ndiyo. Adabu ya Pwani hairuhusu jibu jingine, hasa mbele ya mgeni mwenye kalamu. Uliza kitendo na wakati: mara ya mwisho ulimwona akiifanya kazi hiyo lini? Alikuwa na nani? Nani alilipia vifaa? Asipokuwepo, nani huifanya? Majibu ya watu watatu waliohojiwa mbalimbali yakikutana, jina lina msingi. Yakitofautiana sana, rudini mara ya pili kabla ya kulikata, maana huenda kila mmoja ameona kipande chake tu.

Kisha nendeni mkaone kwa macho. Kundi la kufungua mitaro halihakikiwi mwezi wa Januari. Nendeni baada ya mvua kubwa ya kwanza ya masika, Machi au Aprili, mtazame maji yamechukua muda gani kuondoka na tope limewekwa wapi. Tope likirundikwa ukingoni, mvua inayofuata hulirudisha lote mtaroni. Wanaojua kazi hulipakia kwenye mkokoteni siku hiyo hiyo. Hiyo ndiyo tofauti ya waliopiga picha na waliofanya kazi. Na kwa kuwa majira hayangoji kamati, mzee wa mtaa aweke daftari dogo mwaka mzima, aandike tarehe na alichokiona.

Wapanda mikoko nao wana kipimo chao. Kundi likisema limepanda maelfu ya miche kwenye hori ya Tudor, swali ni mingapi imepona. Ngojeni bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, na maji yakishakupwa, mwende na kamba na buti. Pimeni kitalu cha mita 10 kwa 10 sehemu tatu mbalimbali, si pale karibu na njia tu. Kama walipanda kwa nafasi ya mita 1, kila kitalu kilikuwa na miche kama 100, kwa hiyo mkihesabu iliyo hai mnapata asilimia papo hapo. Miche hufa kwa sababu zinazojulikana. Mkoko umepandwa ukingoni kabisa mwa maji panapofaa mlilana, aina nyingine ya miti ya mikoko, au mchanga umeifunika, au mifuko ya plastiki imejiviringa kwenye shina ikauvunja mche. Kundi lililorudi kuziba mapengo na kuokota plastiki linastahili kuliko lililopanda mara kumi zaidi na kuondoka.

Kwa kundi lolote, ombeni hati ya usajili na daftari la mahudhurio. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka kundi liwe na watu wasiopungua 10. Hati inaonyesha kwamba kundi lipo. Daftari ndilo linaloonyesha nani hufika. Mara nyingi utakuta majina 25 na wafanyakazi 8. Watunukuni kama kundi, lakini cheti kiandikwe majina ya wale 8 wote, na anayepokea awe mwanachama asiye kiongozi. Nimeweka mkazo hapa kwa sababu tuzo ya kundi inayoishia sebuleni kwa mwenyekiti imevunja vikundi vilivyokuwa vizima. Ikae mahali pa wote: dukani, zahanati, ukumbini.

Msijilazimishe kujaza kila nafasi. Mtaa mmoja, watu na vikundi 7 kwa mwaka ni wengi. Pasipo anayestahili, iacheni nafasi wazi.

Wasiotaka kutajwa

Baadhi ya nguzo kubwa za mtaa hazitakubali kupanda jukwaani. Wanawake wanaoosha maiti za wanawake wenzao, wachimba makaburi wanaoamshwa usiku, wanaopelekea wagonjwa chakula bila kusema: wengi wanaogopa riya, wasije wakapoteza thawabu kwa sifa za watu. Msiwabembeleze, wala msiwashtukize hadharani. Mtumeni mtu mmoja wanayemheshimu, aende kimya na kitu cha kuisaidia kazi yenyewe: kwa wanaoosha, glovu, sabuni, pamba, kafuri na mavazi ya kujikinga, kwa wachimbaji, sururu, mabeleshi, taa na buti. Siku ya shughuli ombeni dua ya jumla kwa wote wanaoihudumia janaza, bila jina hata moja.

Wengine watakubali wenyewe, lakini hatari iko kwa wale wanaowahudumia. Mama anayewapokea wanawake waliopigwa majumbani, au kijana anayewasaidia walionaswa na dawa za kulevya, akionyeshwa pamoja na nyumba yake, siri za watu zimetoka. Tajeni kazi kwa ujumla. Pahala pasitajwe, na waliosaidiwa wasitajwe. Picha yoyote ichukuliwe kwa idhini iliyoandikwa, ya mtoto kwa idhini ya mzazi au mlezi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai idhini, na uungwana ulishaidai kabla yake.

Cheti, jina na zawadi

Jina likikosewa, heshima imeharibika. Pwani mtu ni Mohamed, Muhammad au Mohammed. Fatma au Fatuma. Swaleh au Saleh. Majina ya Kimijikenda yenye dz na ts hukatwa herufi kila siku na watu wa komputa. Mwenyewe aandike jina lake kwa mkono wake kwenye karatasi, kisha asomewe nakala ya cheti kabla hakijachapishwa. Wekeni jina la kitambulisho na lile la mtaani. Mtu anayeitwa Mama fulani kwa miaka 30 hatambuliki kwa majina yake matatu rasmi.

Maneno yawe ya kitendo. "Kwa mchango wake katika jamii" hayamhusu mtu yeyote. Andikeni: "Kwa kuufungua mtaro wa nyuma ya soko kila kabla ya masika tangu 2016." Chapisheni kwa printa ya leza kwenye karatasi ya gramu 250 au zaidi, kwa sababu unyevu wetu huikunja karatasi nyepesi na wino wa maji huchuja. Kibao cha nje kikitakikana, epukeni chuma cha kawaida na skrubu zake. Chumvi ya bahari huzila, kutu huvimba na kupasua lipu. Chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316 ndicho kinachohimili ufukweni. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, kwa hiyo msitoboe ukuta kabla ya kupita ofisi ya uhifadhi.

Fedha taslimu kama zawadi sizipendekezi. Huleta hesabu na kinyongo, na kundi hugombana kabla ya magharibi. Vifaa vya kazi hubaki: wilbaro, mipira namba 5 na nyavu, mwavuli na mkoba imara kwa mhudumu wa afya ya jamii. Juu ya hapo iongezwe heshima tunayoijua wenyewe: doti ya leso kutoka Barabara ya Biashara yenye jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, lililochaguliwa kwa makini, kofia ya vito, ile ya kushonwa kwa mkono, kwa mwanamume, kikuba cha asumini, marashi mlangoni. Bajeti ikiwa finyu, punguzeni hema na viti kabla ya kugusa zawadi.

Mtungeni shairi pia. Mji huu ulimlea malenga Muyaka bin Haji, na sifa ya kweli hapa bado hukaa ndani ya vina. Mpeni malenga maelezo yaliyohakikiwa wiki mbili kabla, si jina tu, ili ubeti usimame juu ya kitendo:

Mvua ikitishia, na mawingu yakitanda,
Jembe hujichukulia, kabla ya jua kupanda,
Taka zote huzitoa, maji yakapata kwenda,
Jirani tunakwambia, mtaani twakupenda.

Beti 4 au 5 zatosha kwa mtu mmoja.

Siku yenyewe

Jumamosi baada ya swala ya alasiri, saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili kasoro, ndiyo saa inayowafaa wengi. Mashujaa Dei, Oktoba 20, inavutia, lakini chifu na viongozi huwa kwenye sherehe za kaunti; chukueni Jumamosi ya kabla au ya baada. Pelekeni taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi kati ya siku 14 na 3 kabla ya mkutano, hata kama ni shughuli ya kijamii tu, na ulizieni kibali cha vipaza sauti. Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Miezi mitatu kabla yake msifanye, maana kila cheti kitasomwa kama kampeni.

Kila anayetunukiwa aelezwe na mtu aliyemsaidia, dakika 2, na mtu huyo huyo amkabidhi. Mwanasiasa akialikwa asikabidhi chochote. Azungumze mwisho, dakika 5, na apewe habari hiyo kwa maandishi mapema. Jina la mfadhili lisiwe kubwa kuliko la mtunukiwa, wala lisiwekwe kwenye cheti.

Watakuja waliokosa wakiuliza mbona wao hawakuitwa. Waonyesheni vigezo na maelezo yaliyopatikana juu yao, faraghani, na wakiwa na ushahidi uliokosekana uandikwe kwenye daftari kwa ajili ya mwaka ujao. Daftari hilo ndilo mtakalolitegemea pia siku mkitaka kupendekeza jina la jirani ngazi ya taifa chini ya Sheria ya Mashujaa wa Kenya ya 2014. Wekeni nakala mbili, katika nyumba mbili tofauti.