Uandishi wa viraka: mwanafunzi anaponakili kwa kupungukiwa Kiingereza

Wizi wa kitaaluma ni kuchukua maneno, mawazo au data za mtu mwingine na kuziwasilisha kama zako. Anayemlipa mtu amwandikie tasnifu, au anayenakili kurasa nzima za intaneti bila kutaja chanzo, anajua anachofanya. Ila ipo aina moja inayowanasa wanaoandika kwa Kiingereza kabla hawajakimudu, na wengi wao hawajui kwamba wamekosea. Ni uandishi wa viraka.

Mwanafunzi huchukua sentensi ya makala, akabadilisha neno hapa na pale kwa msaada wa kamusi, akaiweka kwenye kazi yake. Tuseme chanzo kinasema: "Mmomonyoko wa udongo hupunguza rutuba ya ardhi na kuwalazimisha wakulima kutumia mbolea zaidi." Yeye anaandika: "Mmomonyoko wa ardhi hushusha rutuba ya udongo na kuwalazimu wakulima watumie mbolea nyingi." Muundo ni uleule. Hata akitaja chanzo, msomaji ataamini kwamba walau lugha ni yake, kumbe sivyo.

Aliyeipa hali hii jina, miaka ya 1990, ni Rebecca Moore Howard, mtaalamu wa uandishi wa Marekani. Alisema ni hatua ambayo watu hupitia wanapojifunza kuandika katika taaluma ngeni kwao, isichukuliwe papo hapo kuwa udanganyifu. Mwaka 2003 Diane Pecorari alichapisha utafiti kuhusu wanafunzi 17 wa uzamili na uzamivu katika vyuo vikuu vya Uingereza, ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Alilinganisha maandishi yao na vyanzo, akakuta mengi yamechukuliwa bila kuonyeshwa. Alipozungumza nao, hakuona nia ya kudanganya.

Hoja hiyo inatuhusu sana. Mtoto wa shule ya kawaida ya serikali Tanzania husoma msingi kwa Kiswahili, kisha akiingia kidato cha kwanza karibu masomo yote yanageuka Kiingereza. Anavukaje? Kwa kukariri: notisi za ubaoni, madesa ya waliomtangulia, majibu ya mitihani iliyopita. Akiyarudisha neno kwa neno anapata alama. Kisha anafika chuoni, na kilekile kilichompa alama kinaitwa kosa. Kumwadhibu kabla ya kumfundisha ni kumwonea.

Wala si kila mfanano ni kosa. Istilahi za taaluma hazina mwenyewe, na maneno ya kawaida ya kufungulia sura, kama "lengo la utafiti huu ni", ni ya wote. Anayejifunza ayachukue bila hofu. Programu kama Turnitin, zinazolinganisha kazi ya mwanafunzi na maandishi mengine, huonyesha asilimia ya mfanano, basi. Nukuu iliyofungwa vizuri na kutajwa chanzo inaweza kuongeza asilimia hiyo, ilhali wazo lililotafsiriwa kutoka kitabu cha Kiswahili bila kumtaja mwandishi linaweza kupita kimya. Msimamizi anayetazama namba bila kuisoma ripoti hajaipima kazi ya mwanafunzi wake.

Njia ninayoiamini ni hii. Soma aya mpaka uielewe, funga makala, mweleze mwenzako kwa Kiswahili kile ulichokielewa, kisha andika kwa Kiingereza bila kuchungulia. Ndipo ufungue tena, ulinganishe, utaje chanzo. Kwa mfano wetu wa udongo, huenda ukaandika: "Kwa mujibu wa mwandishi huyu, sehemu ya fedha ambayo mkulima anatoa kununua mbolea ni fidia ya udongo uliokwisha kuondoka shambani." Sentensi hiyo imeanzia kwingine na inaonyesha kwamba umeelewa. Kwa Kiingereza itatoka fupi, pengine na makosa ya sarufi, na hayo msimamizi anaweza kuyasahihisha kwa kalamu.