Apu za Simu Mombasa: Yasemwayo na Yalivyo

"Akili unde itakutengenezea apu kwa usiku mmoja." Nusu yake ni kweli. Ielezee vizuri, itakuandikia kurasa, vitufe na hata sehemu ya malipo, na mwenye duka la leso pale Biashara Street akiiona ataridhika. Balaa iko kwenye malipo. Apu inapomtumia mteja ombi la M-Pesa kupitia Daraja, mfumo ambao Safaricom iliwafungulia watengenezaji mwaka 2017, jibu la kwanza huwa 0. Hiyo 0 yasema tu kwamba ombi limepokewa. Mteja hata PIN hajabonyeza. Matokeo yenyewe huletwa baadaye kwenye seva yako: 0 amelipa, 1 salio halitoshi, 1032 ameghairi. Msimbo (maandishi ya programu) wa pupa, uwe wa akili unde au wa binadamu, huiona 0 ya kwanza ukatangaza "Malipo yamekamilika", leso ikatoka bure. Kwa kutazama tu hutalijua hilo. Sharti mtu ajaribu makusudi: aghairi, azime simu, alipe na salio pungufu.

"Android iandikiwe yake, iPhone yake." Zamani, ndiyo. Siku hizi kuna zana za kuandika mara moja apu ikaenda kwenye simu zote mbili: React Native ilitolewa na Facebook mwaka 2015, na Flutter ya Google ikafika toleo la 1.0 Desemba 2018. Kwa duka au chama, msimbo mmoja watosha. Michezo mizito ni habari nyingine.

"Nyaya za baharini zatua hapa kwetu, intaneti si tatizo." Zatua kweli, SEACOM na TEAMS tangu 2009. Lakini waya haumnunulii mteja bando, na Mei 2024 SEACOM na EASSy zilipokatika, hata wenye bando walisota. Apu ya abiria wa feri ya Likoni, mwenye simu ya memori ndogo, ihifadhi agizo lake ndani ya simu kisha ilitume mtandao ukirudi. Mimi hilo ningelilipia kabla ya mapambo yoyote.

"Bila Play Store si apu." Kufungua akaunti ya kuweka apu dukani kwao, Google hutoza dola 25 mara moja, Apple dola 99 kila mwaka. Tena akaunti mpya ya mtu binafsi kwa Google hutakiwa kwanza iwe na watu 12 wa kuijaribu apu kwa siku 14 mfululizo. Menyu ya mkahawa haihitaji hekaheka hizo: tovuti inayowekwa kwenye skrini ya simu kwa kubonyeza mara chache yatosha.

"Sisi wadogo, sheria ya data haituhusu." Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya 2019. Biashara yenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 kwa kawaida husamehewa kujisajili. Kulinda namba za wateja haijasamehewa. Na apu ya kuagiza viazi karai yataka majina yote yaliyomo kwenye simu yangu, ya nini?