Kilima cha upepo ndani ya bomba

Maji yakirudi baada ya siku mbili tatu za mgawo, bomba la uani hukohoa kwanza, likatema upepo, ndipo maji yafuate. Wateja hulalamika kwamba dira imehesabu upepo huo. Hawajakosea: dira ya gurudumu huzungushwa na hewa kama inavyozungushwa na maji. Ila hewa inayokula umeme mwingi haifiki uani kwa mtu. Imejificha kilimani.

Maji ya Mitema, bonde la Kitangari mkoani Mtwara, hupandishwa kwa pampu hadi uwanda wa Makonde, mamia ya mita juu. Bomba kuu la namna hiyo likifuata mabonde na miinuko, hewa hukimbilia kila kilele. Huingia bomba linapojazwa baada ya matengenezo, au pampu inapovuta karibu mno na uso wa maji. Nyingine imo ndani ya maji yenyewe, imeyeyuka, na hujitenga presha ikishuka. Pale kileleni maji hupita kwa kubanwa chini ya hewa, na pampu husukuma kana kwamba kilima kimerefuka.

Urefu huo una bei. Kupandisha mita moja ya ujazo kwenda juu mita 100 kunataka uniti 0.27 za umeme; pampu na mota zenye ufanisi wa asilimia 65 kwa pamoja zitakula 0.42. Tuseme hewa imeongeza mita 10 tu. Kituo cha mita za ujazo 3,000 kwa siku kitapoteza uniti 126 kila siku, na hakuna tone lililovuja.

Sasa fundi anaweka kileleni vali ya hewa, kifaa chenye boya kinachotoa hewa na kuzuia maji, anarudi kituoni, anakuta ampea za mota, yaani mkondo wa umeme, zimepanda. Nimeona watu wakitaka kuing'oa vali siku hiyohiyo! Pampu hizi zikipunguziwa mzigo hutoa maji mengi zaidi, na mara nyingi mota hula zaidi kwa saa. Kwa hiyo bili ya mwezi haitakuambia kitu. Gawanya uniti kwa mita za ujazo.

Soma mita ya umeme na dira ya kituoni saa ileile kila siku, wiki mbili kabla ya kuweka vali na wiki mbili baada. Dira iwe kabla ya kilele cha kwanza, bomba likiwa limejaa, la sivyo utahesabu upepo ukidhani ni maji. Andika pia geji ya presha, kina cha maji kisimani na usawa wa tangi la juu. Ukipima kabla ya masika na kurudia mvua zikiwa zimejaza kisima, utaisifu vali kwa kazi ya mvua.

Endelea kuandika hata baada ya hapo. Uniti kwa mita ya ujazo zikianza kupanda tena, kabla ya kuifungua pampu kutafuta kasoro, panda kilimani ukaikague vali. Mchanga kidogo tu unatosha kukwamisha boya lake.