Kodi ya majengo Minnesota: nafuu ipo, ila lazima uiombe

Familia yenye mishahara miwili na nyumba ya mkopo jimboni Minnesota, Marekani, mara nyingi huamini kuwa nafuu za kodi ni za watu wa kipato cha chini. Sivyo. Kwa madai ya mwaka 2023, kaya yenye mapato ya chini ya dola 135,410 iliweza kurudishiwa sehemu ya kodi ya majengo, hadi dola 3,310, kutegemea mapato yake na ukubwa wa kodi. Viwango hivyo hurekebishwa kila mwaka kufuata mfumuko wa bei. Lakini jimbo halimtumii mtu fedha ambazo hakuziomba.

Anza kwa mthamini wa kaunti. Nyumba unayoimiliki na kuishi inapaswa kuandikishwa kama makazi yako. Kwenye karatasi utaona neno Homestead. Uandikishaji wa aliyekuuzia haukurithishi chochote, kwa hiyo mnunuzi anajaza maombi yake mwenyewe kabla ya tarehe 31 Desemba. Kwa kodi zinazolipwa kuanzia 2025, hadhi hiyo huondoa asilimia 40 ya dola 95,000 za kwanza za thamani, yaani dola 38,000, kisha punguzo linashuka kwa asilimia 9 ya kila dola inayozidi hapo. Nyumba ya dola 300,000 inazidi kwa 205,000. Asilimia 9 yake ni 18,450. Kinachobaki cha kuondolewa ni dola 19,550. Kodi itahesabiwa kwa 280,450. Si punguzo la kukufanya upige vigelegele. Faida kubwa ni kwamba bila hadhi hiyo hustahili marejesho.

Marejesho yanaombwa kwa fomu M1PR, ifikapo tarehe 15 Agosti, na ukichelewa bado una mwaka mzima baada ya hapo. Hapa ndipo watu huchanganya miaka: fomu ya 2024 hutumia mapato ya 2024 lakini kodi ya majengo inayolipwa 2025. Chukua taarifa ya kodi ambayo kaunti huituma kufikia mwisho wa Machi, siyo ile ya Novemba, ambayo ni makadirio tu. Mstari wa kwanza wa taarifa ndio unaohamishiwa kwenye fomu. Kama kisanduku cha malimbikizo, yaani kodi ya nyuma ambayo haijalipwa, kimetiwa alama, lipa kwanza au panga na kaunti namna ya kulipa, vinginevyo madai yatakataliwa.

Mapato ya kaya nayo yana mtego. Yanahesabiwa kwa upana kuliko mapato yanayotozwa kodi: michango yako ya pensheni inayokatwa kazini, ile inayozidi kiwango kilichowekwa, inarudishwa ndani ya hesabu. Shemeji au kaka mtu mzima anayeishi kwenu na ana mshahara wake, asiye tegemezi wala mpangaji, mapato yake yanajumlishwa pia. Wazazi wenu kwa kawaida hawahesabiwi, ila kama ni wamiliki wenza. Kwa upande mwingine, kila tegemezi, hadi wa tano, hupunguza jumla, kwa hiyo kaya yenye watoto wanne isijiengue kwa kutazama mishahara peke yake.

Kuna marejesho ya pili kwenye fomu hiyohiyo, yasiyo na ukomo wa mapato, na ndiyo yanayosahaulika zaidi. Kodi ikipanda kwa zaidi ya asilimia 12 na angalau dola 100 ndani ya mwaka mmoja, bila sababu ya kuongeza jengo, jimbo hurudisha asilimia 60 ya kilichozidi asilimia 12, hadi dola 1,000. Kodi ikitoka 3,600 hadi 4,400, ongezeko ni 800. Asilimia 12 ni 432. Ziada ni 368. Unapata kama dola 221.

Kwa wanaolipa pango, tangu mwaka wa kodi 2024 madai yao yamehamia kwenye fomu ya kodi ya mapato. Mwenye nyumba anawajibika kukupa cheti cha pango ulilolipa kufikia 31 Januari.

Upande wa kodi ya mapato, kaya nyingi za kati hufikia daraja la asilimia 6.80. Gharama za shule zinapunguzwa kwenye mapato hadi dola 1,625 kwa mtoto wa chekechea hadi darasa la sita, na dola 2,500 kwa wa darasa la saba hadi la kumi na mbili, bila ukomo wa kipato. Masomo ya ziada, ada ya shule binafsi, kukodi ala ya muziki, daftari na kalamu vyote vimo. Kompyuta ni hadi dola 200 kwa familia nzima. Vifaa vya mafundisho ya dini havimo. Katika daraja hilo la asilimia 6.80, kijana wa sekondari mwenye risiti za 2,500 anakuokolea dola 170. Bila risiti, sifuri.

Sadaka nazo: ukichukua punguzo la kawaida la jimbo, yaani kiasi maalumu kinachotolewa kwenye mapato bila kuorodhesha gharama, nusu ya kiasi kinachozidi dola 500 hutolewa kwenye mapato. Lakini mpokeaji awe taasisi inayotambuliwa kwa kodi nchini Marekani. Michango ya msiba, karo za wapwa na fedha za kila mwezi kwa mama kijijini haziingii, hata ukiwa na ujumbe wa simu wa kila muamala.