Je, wajua kwa nini paa la jangwani huvuja ilhali mvua ni ya nadra?

Jangwani mvua kwa kawaida haifiki milimita 250 kwa mwaka mzima. Mtu angedhani nyumba iliyojengwa huko ingekaa miaka na miaka bila mwenyewe kuliwazia paa. Lakini likipita wingu moja zito, dari zinalowa mtaa mzima, hata katika nyumba ambazo msimu uliopita zilionekana hazina kasoro yoyote. Kwa nini?

Ni kwa sababu paa hilo lilitobolewa na jua. Kazi hiyo ilifanyika polepole, katika zile siku zote kavu ambazo hakuna aliyepanda juu kutazama, na mvua ilipokuja ilikuta njia zimekwisha kufunguliwa. Ukilielewa hilo, hata namna ya kutafuta panapovuja na namna ya kuziba zinabadilika.

Tuanze na joto. Mchana wa kiangazi, hewa ikiwa kwenye nyuzi 43 za Selsiasi, uso wa paa la rangi ya giza hufika nyuzi 70 na kuendelea. Usiku mambo yanageuka. Anga la jangwani halina mawingu wala unyevu wa kutosha kulizuia joto, kwa hiyo paa hulitupa joto lake juu na kupoa hata kuliko hewa inayolizunguka. Ndani ya saa 24 uso uleule waweza kupanda na kushuka nyuzi 50 au 60. Bati la chuma la urefu wa mita 6, likipata tofauti ya nyuzi 60, hurefuka milimita 4 na ushee. La alumini la urefu huohuo hurefuka kama milimita 8. Zege hutanuka kidogo kuliko chuma, na bomba la plastiki linalotokeza juu ya paa hutanuka mara kadhaa zaidi. Vitu hivi vyote vimefungwa pamoja kwa skrubu, misumari na gundi, na kila kimoja kinavuta kwa kipimo chake, kila siku ya mwaka. Tundu la skrubu hupanuka likawa na umbo la yai. Gundi iliyoziba maungio huchanika upande mmoja, na mpasuko wenyewe mara nyingi ni mwembamba kiasi kwamba ukisimama hauuoni.

Juu ya joto kuna miale ya urujuanimno, ambayo huvunjavunja minyororo ya molekuli katika lami, mpira na plastiki. Lami hupoteza mafuta yake mepesi, hukakamaa, kisha hupasuka vipande kama matope ya bwawa lililokauka. Washa za mpira, yaani vile vipete vya kuzuia maji chini ya vichwa vya skrubu, huwa ngumu na kuacha kubana. Kola ya mpira inayozunguka bomba la hewa chafu hupasuka kwenye shingo, na hapo ni mahali pa kwanza ninapopashuku kila ninaposikia doa limetokea kwenye dari ya bafu au choo.

Paa la vigae linahitaji kusemewa peke yake, kwa sababu ndilo linalowadanganya watu wengi. Ukilitazama kutoka barabarani, vigae vimepangika vizuri, hakuna kilichovunjika, na unaapa kwamba paa ni zima. Kigae hukinga jua na kumwaga sehemu kubwa ya maji, lakini kizuizi cha mwisho cha maji ni felti, yaani karatasi nzito yenye lami, iliyotandazwa chini yake. Upepo wa dhoruba ya jangwani husukuma maji yakapenya chini ya vigae, na yakishapenya, felti ndiyo inayoyapeleka hadi kwenye ukingo. Kigae cha zege au cha udongo chaweza kudumu nusu karne na zaidi. Felti iliyo chini yake, ikipikwa na joto lililonaswa hapo kila mchana, mara nyingi huisha nguvu kati ya miaka 20 na 30, na ya bei nafuu huisha mapema zaidi. Matokeo yake ni nyumba yenye vigae vizuri vilivyokaa juu ya karatasi inayomeguka ukiigusa. Kubadilisha kigae kimoja kilichopasuka hakutasaidia kitu hapo. Fundi mwaminifu atakuambia vigae vishushwe kwa uangalifu, felti mpya itandazwe, kisha vigae vilevile virudishwe. Ni kazi kubwa na ghali, lakini kupaka silikoni juu ya vigae katika hali hiyo ni kutupa fedha.

Paa bapa lina adui mwingine: vumbi. Dhoruba za mchanga hujaza vumbi kwenye kona na kwenye matundu ya kutolea maji, na kwa kuwa miezi hupita bila mvua, hakuna anayegundua kwamba tundu limeziba. Halafu mvua ya jangwani ikija, haiji kwa utaratibu. Tarehe 16 Aprili 2024, kituo cha Khatm Al Shakla huko Al Ain, Falme za Kiarabu, kilipima milimita 254.8 katika muda usiofika saa 24, mvua kubwa kuliko zote tangu kumbukumbu zianze kuwekwa nchini humo mwaka 1949. Paa la mita 100 za mraba chini ya wingu lile lilipokea zaidi ya tani 25 za maji. Hata kwenye mvua ya kawaida, sentimita moja ya maji iliyokwama juu ya paa la ukubwa huo ni tani nzima, ikikandamiza na kutafuta ufa wa kupenya. Kwa hiyo mteremko mdogo wa asilimia 2 kuelekea kwenye tundu, jambo ambalo wajenzi wengi hulipuuza kwa kuwa "huku hakunyeshi", ni wa lazima. Kosa hilo la kujenga kana kwamba mvua haitakuja ni la zamani. Mji wa kale wa Shali katika oasisi ya Siwa, Misri, ulijengwa kwa mchanganyiko wa udongo na chumvi ya ziwani, ukastahimili karne nyingi za ukavu, na mwaka 1926 mvua ya siku tatu ikauharibu vibaya.

Sasa, utapajuaje panapovuja? Usianze kwa kupanda juu. Anza ndani, na anza kwa swali: doa hili lilikua siku zenye mvua au siku kavu? Katika nyumba za jangwani, maji yanayodondoka kutoka darini huenda yasiwe na uhusiano wowote na mvua. Kiyoyozi hukamua unyevu kutoka hewani, na kijibomba cha kutolea maji hayo kikiziba kwa vumbi na utando, maji humwagika darini katikati ya kiangazi. Kipoza hewa cha maji kilichowekwa juu ya paa nacho huvuja kwenye bomba lake au kwenye sinia lake lililooza kwa kutu, na huacha ukoko mweupe wa chokaa pale maji yalipokauka. Ukiuona ukoko huo, huenda paa lako halina kosa lolote.

Kama doa linafuata mvua, panda darini na tochi kali. Maji yakiingia kwenye tundu huteremka juu ya felti au kando ya mbao za kenchi hadi yakutane na kikwazo, msumari au kiungo, ndipo yadondoke. Doa laweza kuwa mita kadhaa kutoka kwenye tundu, na karibu kila mara tundu liko upande wa juu wa mteremko. Fuata alama za maji kwenye mbao: michirizi myeusi, mbao iliyobadilika rangi, misumari yenye kutu kwenye mstari mmoja tu. Mchana, zima tochi utulie kidogo, uangalie kama kuna nuru inayopenya.

Kupanda paani ni kazi ya alfajiri, mtu mwingine akiwa chini. Si suala la starehe tu: saa sita mchana bati huunguza ngozi, na kizunguzungu cha joto juu ya ngazi ni hatari kubwa. Juu ya vigae, kanyaga sehemu ya chini ya kila kigae, pale kinapolalia kigae kingine, maana katikati huvunjika. Tazama kwanza mahali ambapo kitu kimoja kinakutana na kingine: bomba na paa, ukuta wa ukingo na paa, mkunjo ambapo miteremko miwili inakutana, miguu ya kiyoyozi au paneli za sola. Katikati ya paa, penye uso mtupu, si mahali pa kupotezea asubuhi yako. Kwenye paa lililopulizwa povu la polyurithani (plastiki ya povu ya kuzuia joto), tafuta sehemu ambapo rangi ya kinga imechakaa na povu limegeuka rangi ya chungwa na kutoa unga ukilisugua. Hapo jua limeshaanza kulila.

Bado hupaoni? Tengeneza mvua yako mwenyewe. Mtu mmoja abaki darini na tochi, mwingine awe juu na mpira wa maji. Anzia chini kabisa ya mteremko, lowesha sehemu moja kwa dakika 10 au 15, kisha panda kidogo. Ukianzia juu, maji yatapita kila mahali na hutajua ni wapi yalipoingilia. Usielekeze maji kwa nguvu kuelekea juu, chini ya vigae, kwani hapo utalivujisha hata paa lisilo na kasoro. Kwa paa bapa lenye tabaka la kuzuia joto, kamera ya joto, ile inayoonyesha palipo na joto na palipopoa, ina nafasi nzuri sana jangwani. Ili kupanda nyuzi moja, maji huhitaji joto mara nne na ushee kuliko zege ya uzito uleule, kwa hiyo sehemu iliyolowa chini ya paa huchelewa kupoa. Baada ya jua kuzama, chini ya anga safi, sehemu hiyo huonekana kwenye kamera ikiwaka peke yake.

Ukishapata tundu, shida kubwa ya kuziba huwa vumbi na joto. Gundi iliyopakwa juu ya vumbi hushika vumbi, nalo huondoka nayo. Sugua, osha, acha pakauke, na ukwangue gundi ya zamani yote. Paka asubuhi au jioni. Kwenye uso wa nyuzi 60 rangi ya kuzuia maji hukauka ngozi ya juu kabla ya ndani, ikatoa malengelenge.

Kwenye kiungo kinachocheza, usijaze gundi hadi chini. Tanguliza kamba ya sponji ndani ya ufa, kisha gundi ya kina cha nusu ya upana wa ufa, ili ishike kuta mbili za pembeni tu na iweze kuvutika. Ikishika na chini pia, itachanika baada ya misimu michache. Kwenye ufa wa paa bapa au kuzunguka bomba, paka tabaka la kwanza, laza kitambaa cha wavu wa poliesta likiwa bado bichi, kisha paka juu yake. Kola ya mpira iliyopasuka ibadilishwe. Kuifunika kwa gundi hakudumu.

Kuhusu aina ya rangi: akriliki ni rahisi kutumia lakini haipendi maji yaliyotuama. Silikoni inayavumilia, na inastahimili urujuanimno vizuri, ila ukishaipaka, karibu hakuna kinachoshika juu yake isipokuwa silikoni nyingine, kwa hiyo uamuzi huo unakufunga kwa miaka mingi. Iwe ipi, chagua nyeupe. Paa jeupe jipya hurudisha kama asilimia 80 ya mwanga wa jua, wakati jeusi hurudisha chini ya 10. Halipati moto sana, halitanuki sana, na gundi zako hazivutwi sana. Vumbi hupunguza weupe huo, kwa hiyo lioshwe mara kwa mara.

Mwisho, rudisha mpira wa maji palepale ulipopaziba, dakika 15, mtu akiwa darini, baada ya gundi kukauka kabisa kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Fanya hivyo mwezi mmoja au miwili kabla ya msimu wa mvua, ili ukiona tone bado una nafasi ya kurudia.