Ramani ya akilini ni nini, na simu inaifanyia nini?

Ramani ya akilini ni picha ya mji ambayo mtu amejijengea kichwani kwa kuuzoea: njia ipi inatokea wapi, wapi pana foleni jioni, wapi hapapitiki usiku. Haina vipimo sahihi. Mtaa uliokulia huwa mpana na wenye kila kitu. Usioujua huwa jina tu.

Mwaka 1960 Kevin Lynch, mtaalamu wa mipango miji wa Marekani, alichapisha utafiti alioufanya Boston, Jersey City na Los Angeles. Alionyesha kwamba wakazi huukumbuka mji kwa mambo matano: njia, mipaka, maeneo, makutano na alama. Dar es Salaam alama ndizo zinazotawala. Watu hushuka Magomeni Mapipa, Mwembechai, Sinza kwa Remmy, Mtoni kwa Aziz Ali. Anayevijua vituo vya daladala anajua pia mji ulikaliwa na nani, na palikuwa na nini kabla ya maghorofa.

Kwenye ramani ya simu mambo ni mengine. Wewe ndiye kitovu, nukta ya bluu, na mji unageuka kukufuata. Unaambiwa ukate kushoto, unakata. Unafika salama, lakini ukiulizwa umepitia wapi huna la kusema, kwa kuwa hukuhitaji kuangalia chochote. Kwangu hii ni hasara kubwa kuliko tunavyodhani. Madereva wa teksi za London, ambao hutahiniwa mitaa ipatayo 25,000, walipimwa ubongo na mwanasayansi wa ubongo Eleanor Maguire na wenzake. Matokeo ya mwaka 2000 yalionyesha kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi, inayohusika na kumbukumbu za mahali, ni kubwa zaidi kwao kuliko kwa watu wengine.

Tena simu huamua kipi kionekane. Mgahawa wenye nyota nyingi unajitokeza. Kichochoro ambacho hakijachorwa ni kama hakipo. Ndiyo maana naithamini kazi ya Ramani Huria, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2015. Wanafunzi wa vyuo na wakazi wa kata zinazokumbwa na mafuriko walipita mtaa kwa mtaa, wakachora mitaro, nyumba na vichochoro kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuichangia. Mahali maji yanapopita wenyeji walipajua siku zote. Sasa hata ofisa wa maafa ambaye hajawahi kufika huko anaweza kupaona.